Ukurasa wa Wadudu

Kijana wa orodha ya biashara alikuja Jumanne,
fulana yenye nembo, simu yenye ufa.
Jina la duka? Asali ya Kalunde.
Liko wapi? Liko humu, nikamwonyesha simu yangu,
na humu, nikamwonyesha uvungu wa kitanda
ambako madumu matatu ya Sikonge yamekaa
kama wageni wa msiba wasiojua waondoke lini.

Mtaa? Ng'ambo. Namba ya nyumba?
Ilifutika mwaka tulipopaka chokaa.
Akaandika: karibu na mashine ya kusaga.
Mashine zipo nne. Akaandika hivyo hivyo.
Bidhaa? Nyuki, nikasema, yaani kazi ya nyuki,
na mashine inanguruma, na mimi nakohoa,
akabonyeza, akala elfu tano yangu, akaenda.

Simu ya kwanza ililia kabla sijanawa uso.
"Ndiyo wewe wa wadudu?"
Mteja huyo! Nikasema ndiyo, unataka wa kiasi gani?
"Sitaki hata mmoja. Kunguni wamemaliza mgongo
wa mama mkwe wangu."

Kumbe nimewekwa ukurasa wa wadudu:
juu yangu mnyunyizia dawa wa Isevya,
chini yangu fundi wa mchwa,
katikati mimi, na utamu wangu.

*

Ya bima ni nyingine.
Chupa ishirini na nne, Dodoma, kwa Bi Nyemo mwenye mgahawa.
Wakala akaniuliza mzigo una thamani gani.
Nikaanza kuhesabu kwa sauti:
kuna usiku mzima wa baba mdogo Mihayo juu ya mti,
kuna moshi aliomeza, jicho lililovimba hadi Ijumaa,
kuna mzinga wa gome uliokaa mtupu miaka miwili
kabla malkia hajaukubali...
"Kwa shilingi," akasema.
Laki mbili, themanini na nane elfu.
Nikalipa ada, nikapewa karatasi yenye mhuri wa bluu.
Usiku ule nililala fofofo, mtoto wa watu mwenye bima.

Methali inasema fuata nyuki ule asali.
Haisemi fuata basi.
Mahali fulani baada ya Itigi
mtu alilaza baiskeli juu ya boksi langu.
Chupa tisa.
Asali ikashukia begi la askari aliyetoka likizo,
ikapita kwenye mchele wa mtu, ikatafuta sakafu,
ikasafiri polepole kuliko basi, lakini ilifika.
Bi Nyemo alinitumia picha: boksi, na sisimizi
kwenye foleni yenye heshima kuliko stendi yoyote niijuayo.

Picha nikaipeleka bima. Wakajibu kwa adabu:
kifungu cha kumi na moja, kimiminika kilichovuja
kwa tabia yake ya asili hakifidiwi.
Asili, asali. Herufi moja tu
na fidia yangu imezama katikati.
Aliyeandika kifungu kile anaijua asali vizuri.
Baiskeli ndiyo hajawahi kuiona.

Siku hizi kila chupa naivisha soksi kuukuu ya mtoto.

*

Yule wa kunguni nilimwambia ukweli. Akacheka,
akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini:
"Hiyo asali, ni ya Sikonge kweli, au mmechemsha sukari?"
Akaja mwenyewe kutoka Cheyo, akaonja kwa kidole,
akachukua nusu lita. Mama mkwe akamaliza dumu.
Akafuata wa mchwa.
Akafuata mwalimu wa bweni mwenye popo;
nikamwambia popo si mdudu, tukabishana,
akanunua mbili.

Juzi kijana wa orodha kapiga, kaomba radhi.
Kosa limeonekana, kunihamisha ni bure:
ukurasa wa vyakula, kati ya mchele na alizeti.
Wauza asali kumi na saba wameshapanga humo.
Niseme ndiyo tu.

Nimemwambia asubiri kidogo, kuna simu inaingia.
"Naam," nasema, "ndiye mimi wa wadudu."