Sensa

Ambokile wa Mwanjelwa, nyuma ya wauza mitumba,
ana kamera mbili ndani ya shuka la hospitali.
Anazifunua kama mkunga.
"Hii sensa yake pana, sawa na stempu ya barua.
Hii nyingine ni ukucha tu wa kidole gumba,
ila ina feni mgongoni, inajipoza."
Bei ya ile ya feni ameiandika kiganjani,
hathubutu kuitamka.

Mimi hupiga picha za pasipoti Matamba:
pazia la bluu, kidevu juu kidogo, usicheke.
Nina laki tisa, za viazi na za harusi mbili,
na hamu niliyomwambia Tusajigwe peke yake,
naye akauliza nyota zitanilipa nini.

Pikseli, anasema Ambokile, pikseli.
Mimi naona madebe ya maziwa shambani Kitulo.
Mwanga wa mbali ni mvua ya rasharasha:
debe la mdomo mpana hukinga kitu,
kikombe hupata tone, na tone moja
halisikiki ndani ya kelele za kikombe chenyewe.

"Na joto?"
"Sensa ikipata joto huota. Huona wekundu pasipo na kitu.
Ndiyo maana ya feni."

Hapo nikacheka.
Kaka, mwezi wa sita kwetu maji ya ng'ombe hufunikwa kioo,
majani ya viazi huungua kwa baridi
kama yamepitiwa na pasi.
Nikanunue baridi Mwanjelwa?
Ile yetu imekula magunia mangapi bila risiti!
Mwaka huu na yenyewe itafanya kazi.

Nikachukua ya stempu, iliyochubuka bega.
Nikamwambia aing'oe ile kioo nyembamba
inayozuia wekundu wa mawingu ya huko juu.
"Maharusi watatoka kama wana homa," akaonya.
Maharusi wana kamera yao.

Chenji sikununulia lenzi. Nilinunua mguu:
chuma kizito chenye mota
inayokwenda nusu ya mwendo wa mshale wa saa.
Jicho zuri juu ya mguu mbovu
huchora michirizi.

Na huku kusini ncha ya anga haina taa.
Ni giza tupu, nyuzi tisa juu ya upeo,
na kwangu nyuzi hizo tisa zina mikaratusi ya kina Tweve.
Nilihamisha mguu mara nne,
mara ya nne nikiwa nimevaa blanketi na matusi.

Saa nane usiku akaja mtendaji Sanga na tochi.
"Nasikia umeleta sensa. Sensa ilishapita.
Nani kakutuma kuhesabu?"
"Zima tochi kwanza."
Akazima. Akanyamaza muda mrefu.

Umande ukaanza kuganda kwenye lenzi.
Nikatoa viazi jivuni, nikavitia kwenye soksi,
nikaifunga soksi shingoni mwa kamera.
Mtendaji akaomba kimoja. Nikampa cha akiba.

Saa kumi na moja kasoro, Kilimia juu ya kilima.
Kwa macho yangu, sita. Mtendaji alidai saba.
Nikapiga, nikapiga, sekunde thelathini thelathini,
kisha nikamwonyesha kioo.
Alihesabu kwa ncha ya kidole, akafika arobaini,
akapotea, akaanza upya.
"Kaya hii," alisema, "makarani waliipita."

Pembeni palikuwa na doa jekundu.
Picha zote, pale pale, halisogei.
"Na huyu?"
"Huyo si nyota. Ni sensa yenyewe, imeota kidogo."
Baridi yote ile, na bado.

Alimenya kiazi taratibu, mvuke ukimfunika uso.
"Muandike," akasema.
"Aliyelala hapa usiku wa kuhesabiwa
huhesabiwa."