Bawa la Kukaa Chini

Msellem alirudi kutoka Maskati na gari jekundu,
milango miwili, tumbo linaramba lami,
akaniambia: Fundi Shaame, nataka bawa.
Nikamuuliza: upae?
Akacheka. La nyuma, la kaboni,
upepo ulikalie, gari ling'ate barabara.

Mie mziba matangi. Chake Chake nzima
ukiona tangi lina kiraka, kiraka changu.
Resini naijua harufu yake kuliko ya chai.
Lakini kitambaa kile, alipokikunjua,
cheusi, kinameta kama nyoka aliyetoka kujivua,
nikanyamaza.
Mbili juu, mbili chini, kwa mshazari:
ukili huu. Marehemu mama angekishika
angeuliza tu, miyaa hii mmeitia rangi gani
hata haichujuki?

Kalibu nikaichonga kwa povu la boksi la samaki,
nta mara saba, matabaka sita,
juu nailoni, na pampu
ni kompresa ya friji bovu.
Kupoza haliwezi, kufyonza linafyonza.
Nailoni ikajikunyata, ikashika umbo
kama ngozi inavyoshika mbavu za punda.
Saa nane, nikasema. Saa nane hewa isirudi.

Saa tatu usiku, umeme, pu.

Nikausikia mfuko unavuta pumzi polepole,
mgonjwa anayepata nafuu nisiyoitaka.

Nyumba ya pili arusi. Bi Time anaoza,
jenereta linanguruma, taa za rangi mpaka kwenye mpapai.
Nikaenda na waya begani, mikono ina gundi,
nikasimama mlangoni pa wanawake sijui pa kutazama.
Bi Time, naomba umeme, nakausha bawa.
Akanitazama. La kuku?
Wakacheka, hata anayepakwa hina akacheka
mpaka ua la mkononi likaenda upande.
Chomeka, akasema. Lakini taa ya bibi arusi ikififia,
Shaame, nitakukausha weye.

Ndivyo lilivyoiva, kwa umeme wa arusi,
nami nje na sahani ya biriani,
mkono mmoja unakula, mmoja juu ya nailoni,
nasikiliza.

Asubuhi nikalinyanyua kwa vidole viwili.
Wallahi, viwili.
Urefu wa kitanda cha mtoto,
uzito wa kanzu iliyokwisha kukauka.

Msellem akalifunga, akashika njia ya Wete.
Tuta la kwanza likamla mdomo wa mbele.
Mbele kidogo, ng'ombe.
Mbele tena askari, akamuuliza kwa adabu
anawahi nini.
Bawa lile halianzi kazi mpaka mwendo wa mia na themanini,
na Pemba yetu hii, ukanyage utakavyo,
hujafika huko nchi ishakwisha.

Sasa mwenyewe karudi Maskati.
Gari liko nyuma ya banda langu,
turubai limeliwa na jua, matairi yamelegea.
Kila magharibi kuku watatu wa Bi Time
hupanda juu ya bawa, wakasukumana,
wakakunja mbawa zao wasizorukia.
Linainama kidogo. Nimelipima kwa jicho.
Halilii.
Nimepitisha kidole kwenye ukili wote,
sijaona ufa.