Kitufe Kisicho na Jina

Nilianza na picha.
Baba, mama, mtoto na mbwa, meno tupu,
wote wanacheka kana kwamba homa haijaumbwa bado.
Megabaiti nne na nusu.
Wafamasia wa Łódź walipiga makofi.

Ukurasa ulikuwa na kazi moja:
kumwambia mtu, usiku, ni duka gani la dawa liko wazi.
Moja tu.
Nami nikaupamba kama bibi harusi:
fonti tatu, mabango yanayoteleza,
maandishi ya kijivu juu ya kijivu hafifu
(niliuita huo ustaarabu),
na vijidudu vya kupeleleza
vinavyohesabu kidole kimegusa wapi.
Mezani kwangu, kwenye waya mnene wa ofisi,
ulifunguka kabla sijapepesa jicho.

Kisha wakamleta Bogumiła.
Miaka ishirini na sita kwenye swichibodi ya kiwanda cha nguo,
haoni tangu akiwa na miaka tisa.
Akakataa chai.
Akatia kisikizi sikio moja:
"La pili nimekuwekea wewe."
Mashine ikamsomea kwa kasi ya bisi kikaangoni:
picha, picha, kitufe, kitufe, kiungo, kitufe.
"Picha ya nini?"
Familia, nikasema. Na mbwa.
"Na kitufe hiki?" Cha kutafuta.
"Na hiki?" Cha kufunga.
"Na hiki?"
Nikainama kusoma,
na mimi niliyekiandika
sikukumbuka.

"Kijana," akasema,
"umenijengea ukumbi wa milango kumi na minne
na hakuna hata mmoja uliopewa jina.
Nibishe hodi wapi?"

Jioni ile nilipanda tramu hadi mwisho wa njia, Stoki,
na simu kuukuu ya shemeji yangu Wiesław, kioo kimepasuka.
Februari. Theluji imegeuka tope.
Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe, nikahesabu.
Sekunde ya saba, paji la uso la baba.
Ya kumi na moja, meno.
Tramu ikaja, ikashusha mtu na baiskeli, ikaondoka.
Ya kumi na tisa, mbwa.
Anwani ikafika mwisho kabisa.
Dawa ilikuwa imepanga foleni
nyuma ya mbwa.

Husemwa haraka haina baraka.
Huenda.
Ila aliyesema hakuwa amepakata mtoto wa degedege
saa tisa za usiku,
chaji imebaki asilimia nne.

Nikaanza kutoa.
Kutoa ni kazi isiyo na risiti:
nani atakulipa kwa kitu ambacho hakipo?
Nilitoa mabango, nikatoa fonti,
nikatoa wapelelezi mmoja mmoja kama kupe.
Wino ukawa mweusi, karatasi nyeupe.
Kila kitufe nikakibatiza,
hata kile nilichokisahau,
ambacho kumbe hakikuwa na kazi yoyote.
Kilobaiti kumi na moja.
Bosi, bwana Zdzisław, akavua miwani:
"Mbona pako uchi?"
Nilitaka kumjibu kwamba kibaya ndicho chajitembeza.
Nikanyamaza. Kodi ya nyumba ilikuwa bado.
Akatia saini, akinitazama kama fundi aliyeiba matofali.

Bogumiła alirudi Alhamisi.
Kisikizi, sikio moja.
Duka la dawa, mtaa wa Zgierska, liko wazi hadi asubuhi.
Kitufe: piga simu.
Basi. Mashine ikanyamaza.
Naye akanyamaza kidogo,
kichwa upande, kama anayesikiliza
laini iliyokwisha kuunganishwa.

"Na yule mbwa?"
Nimemwondoa.
"Maskini," akasema, akikunja waya wake.
"Haya, sasa naomba ile chai."