Safu ya Mwisho

Nimeshona mifarishi ya viraka thelathini na mmoja
na kitandani kwangu nalalia blanketi la dukani.
Yote nimeiandika daftarini: mwaka, vitambaa,
nani kapewa, kwa lipi.
Safu ya mwisho niliiacha wazi.
Nilidhani ni ya asante.

Wa nne. Garnet, mwana wa dada yangu, arusi yake.
Miezi saba ya kuchomwa vidole,
buluu yote ya mashati ya marehemu baba yake.
Januari hii, digrii arobaini chini ya sifuri,
naegesha mbele ya duka la mbegu
nauona umelazwa juu ya boneti ya lori lake
injini isigande,
ukosi wa shemeji yangu unakunywa oili.
Sikushuka. Nilikaa garini na hasira yangu,
hita inavuma.
Akatoka, akaukung'uta theluji,
akaukunja pembe kwa pembe, mara nne,
kama nilivyomfundisha angali mfupi kuliko meza,
akauweka kiti cha mbele. Si nyuma, kwenye makoleo.

Wa kumi na mbili ni wa Agatha Wiebe, alipostaafu posta.
Agatha ni mstaarabu.
Kauweka ndani ya nailoni, ndani ya sanduku la mwerezi,
na vidonge vya nondo kama peremende.
"Miaka kumi na tisa," ananiambia,
"hakuna aliyeugusa."
Akaufungua nione. Penye mikunjo
kitambaa kimekatika chenyewe, kimya kimya,
kama mtu aliyesimama foleni hadi akazimia.
Nikasema, umetunza.
Njiani kurudi nilijikuta naitamani ile oili.

Wa kumi na saba: mchungaji Thiessen.
Mbwa wake kauzalia.
Aliniletea kadi ya kuomba radhi, mistari minane na aya ya Zaburi.
Nilimjibu kwa swali moja: wangapi?
Tisa, akasema. Wote wazima.

Na wa ishirini na mbili, sitaji ulikuwa wa nani.
Niliukuta uani kwa watu, Jumamosi ya kuuza vikorokoro,
chini ya taa za Krismasi zilizosokotana.
Lebo yenye jina langu imetolewa kwa mkasi,
kwa uangalifu, nyuzi hazikuguswa.
"Dola nne," akasema kijana. "Nadhani umetoka China."
Nikambembeleza hadi tatu.
Sasa uko kwenye buti, pamoja na mishumaa na koleo,
siku theluji itakaponikwamisha barabarani
nitajifunika mkono wangu mwenyewe.

Darasa la kwanza, Bi Hildebrand alituandikia ubaoni
alama ya kutoa:
kijistari kimoja, kifupi, kilicholala.
Sikujua nitakuja kuishi nacho,
kijistari, nafasi, kijistari, nafasi,
kuzunguka ukingo wa kila kitambaa.
Thelathini na moja kutoa thelathini na moja.
Nani aliniambia jibu litakuwa na anwani?

Leo kimekuja kifurushi.
Ndani, kitu cha rangi ya maji ya vyombo,
ukubwa wa taulo la uso, pamba inachungulia.
Nimekigeuza mara tatu ndipo nikamtambua yule bata wa njano,
jicho moja, wa Anselm, mfarishi wa thelathini.
Mama yake ameandika kwa haraka, wino umepaka:
*Kimebaki hiki. Halali bila hiki.
Tafadhali kirudi na basi la leo.*

Nimechukua daftari, nimejaza safu.
Garnet: oili. Agatha: hakuna.
Thiessen: tisa. Yule mwingine: dola tatu.
Kwa Anselm kalamu imesimama,
maana basi linapita saa kumi kasoro dakika tano,
saa tisa imeshagonga,
na macho yangu haya
bado yanahangaika na tundu la sindano.