Usizime

Ripoti ilikuja saa kumi jioni, wakati wa kufunga,
Bi Mgonja ameichapa kwa wino wa rangi,
ule anaotunyima hata kwa stakabadhi.
Mistari minne myekundu. "Hii nini?"
Nikasema: skana ya mtandaoni imepita nje ya nyumba yetu,
imegonga kila mlango, imeandika ilichokiona.
"Na imeona nini?"
Matoleo ya zamani, mama.
"Ya kale hayanuki," akasema, akachukua mkoba.
"Lakini mkaguzi anakuja kesho saa tatu. Nataka kijani."

Basi nikabaki. Mtaa wa Lindi umeshusha mageti,
feni inazungusha joto lile lile,
mlinzi Chilumba anasikiliza mpira kwa sikio moja.

Mstari wa kwanza: seva ya tovuti, imepitwa na wakati.
Nikaingia ndani, nikaiuliza mashine yenyewe.
Ikanijibu bila haraka: mimi nimeshonwa.
Viraka vya Machi vipo, vya Aprili vipo,
bitana mpya ndani ya kanzu,
ila lebo ya shingoni haikubadilishwa.
Skana haivui mtu nguo. Inasoma lebo.
Wa pili hivyo hivyo.
Wa tatu hivyo hivyo.

Ningeweza kuificha lebo. Neno moja kwenye faili la mipangilio,
namba ingetoweka, kesho kijani kitupu,
mkaguzi angekunywa chai yake akaenda.
Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.
Sisemi ni uadilifu ulionizuia. Ni ule mstari wa nne.

Ulisema: mlango namba 8081.

Hatuna mlango huo.
Miaka mitatu nimo humu, mchoro wa nyaya nimeuchora mwenyewe,
hatuna mlango huo.

Nikafuata waya. Ukapita nyuma ya kabati la fomu za mikopo,
ukatoboa ukuta, ukashuka,
ukaishia chini ya ngazi, kati ya ndoo na mafagio:
kasha jeusi, vumbi unene wa kidole, kitaa kikipepesa
kama jicho la mgonjwa aliyesahauliwa wodini.
Juu yake karatasi, gundi imegeuka kahawia:
USIZIME. Sijaona.

Sijaona alikuwa fundi kabla ya yule aliyenitangulia.
Wala mimi sikuwa nimeona.
Nikampigia Masasi, saa tano usiku.
"Bado inapumua?" Akacheka mpaka akakohoa.
"Hiyo ndiyo inayowatumia wanachama salio kila alfajiri.
Mlidhani nani anatuma?"
Hatukudhani kitu. Ujumbe ulikuwa unafika.
"Usiiruke miaka tisa kwa hatua moja, dada.
Toa nakala kwanza. Kisha panda kidato kimoja kimoja."

Nikatoa nakala. Nikapanda.
Toleo la sita, salama. La saba, ikaguna, ikakubali.
La nane: ukurasa mweupe pe,
mweupe wa sanda.
Kuna neno lugha ya zamani ililivumilia, mpya hailitaki,
na mimi nalisaka ndani ya mistari elfu mbili
huku Sijaona ameacha maelezo kwa mkono wake:
*hapa pana ujanja kidogo, samahani.*
Palikuwa na ujanja, si kidogo.
Nilimsamehe saa tisa na robo.

Adhana ya kwanza ilipopita juu ya mabati, simu ikatetemeka:
Ndugu mwanachama, salio lako ni shilingi 41,300.
Sijawahi kuufurahia ufukara wangu kiasi kile.

Nikaiita skana tena. Ikazunguka, ikagonga, ikaandika.
Mistari mitatu myekundu.
Bi Mgonja ataiona kabla hajavua miwani ya jua.
Pembeni ya kila mstari nimeandika kwa kalamu:
lebo kuukuu, nguo mpya, ushahidi umeambatishwa.
Sijui kama mkaguzi husoma pembeni.

Ile karatasi ya chini ya ngazi sikuibandua.
Nimeipangusa tu. Chini ya jina la Sijaona
nimeongeza langu, na tarehe,
na namba ya simu ambayo usiku inapokelewa.