Namba Kumi na Saba

Stoo ya mizigo, stesheni ya Tabora,
haikuulizi umebeba nini.
Dumu la asali kutoka Sikonge,
cherehani iliyovunjika mguu,
sanduku la mwanafunzi wa Kigoma
anayengoja mabehewa yapangwe upya:
shangazi Nyamizi anakupa kipande cha bati chenye namba,
pacha wake anaufunga mzigoni.
Basi.

Mimi niko bencheni, kompyuta magotini,
chaji asilimia kumi na tisa,
naandika kazi yake kwa vitenzi vinne:
weka, kwa ufunguo huu, kitu hiki.
Leta.
Je, upo?
Ondoa.
Ahadi tupu, haina mwili.
Huko ndani labda ni rafu, labda mti wa matawi mawilimawili,
labda ni sakafu na kichwa cha mwanamke mmoja.
Aliyesimama dirishani hayamhusu.

Wala aina sikutaja. Nimeacha herufi mbili wazi,
U na T,
kila atakayekuja azijaze kwa vyake:
majina kwa madeni, vijiji kwa mvua,
namba kwa magunia ya karanga.

"Shangazi, wawili wakija na namba moja?"
Kwenye mstari wa saba nilishaandika:
wa pili humfuta wa kwanza, kimyakimya.
Alicheka hadi miwani ikateleza.
"Hapo watapigana, mwanangu."
Nikaufuta mstari wa saba.

Halafu kuna kumi na saba.
Begi la Msabila, mwanawe,
aliyeaga anakwenda Mpanda kwa siku mbili
mwaka ule reli ilipochukuliwa na maji.
Mkaguzi alikuja, akalifungua:
hata soksi hamna.
"Ondoa hili, mama, linakula nafasi.
Si hakuna kitu?"

Shangazi alivuta zipu taratibu, akalirudisha rafuni.
"Hakuna kitu ni pale," akaonyesha msumari wa arobaini,
usio na bati, usio na begi.
"Hili lipo. Ni tupu, lakini lipo."

Nami kwenye *leta* nilikuwa nimeyapa yote mawili
jibu moja.

Nilianza kurekebisha, skrini ikazima.
Sikuwa nimehifadhi.
Saa tano usiku, treni ya Mwanza imeshapita,
akashusha dirisha, akahesabu misumari kwa kidole,
kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita,
akagusa,
kumi na nane.