Wanja Juu ya Chuma

Hizza, usinihimize. Kaa juu ya hilo tairi.
Wiki ya tatu leo injini yako imelala mezani,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani, vipande vipande,
na rota zake mbili nimezifunika kanga,
wapita njia wasidhani nauza sambusa za chuma.

Injini hii haina valvu, nimekwambia.
Haina kinachopanda wala kinachoshuka.
Saa yake ni umbo la tundu, basi:
ukitanua nje, mlango unawahi kufunguka,
ukitanua juu, unachelewa kufungwa,
ukijisahau ukaingia ndani, pete ya oili inakosa pa kukanyaga
na moshi utakufuata mpaka Pongwe.

Wewe unataka daraja.
Umelisikia gari la yule kijana wa Raskazone
linavyokohoa likiwa limesimama,
kuku wa Bi Mwanamvua wakakimbilia uvunguni,
ukarudi umelewa na hujaonja kitu.
Haya. Nimekata kigezo kwenye boksi la majani ya chai,
nimepaka sahani wino wa buluu,
nimechora kwa sindano: hapa tundu la kiwandani,
hapa juu yake kijidirisha, chembamba kama nyusi ya bi harusi,
na kati yao ukanda wa chuma usiofika upana wa kidole.
Ndilo daraja lako. Sili ya kona itapita hapo
mara elfu kadhaa kwa dakika, wala haitabisha hodi.

Baba alichonga vyuma karakana ya reli.
Mbao ukikosea utaunga, alisema,
nguo ukikosea utatia kiraka;
chuma kikishaliwa na tupa,
nani ataitapisha tupa?

Nami nilikata, nikiwa na umri wako.
Daraja langu lilikatikia mbele ya Hale,
kipande kikazunguka mle ndani
kama jiwe kwenye wali wa mgeni.
Nilirudi mjini juu ya lori la machungwa,
nimepakata kabureta.

Kwa hiyo usiniambie unachotaka. Niambie unakokwenda.
Jumanne, mama yako, Bombo, kliniki ya presha.
Ijumaa Muheza, na madeni ya Muheza.
Injini ya daraja haijui kusubiri getini,
inatetemeka, inakunywa hata ikiwa haiendi popote,
na mama yako ndiye atakayeshika dashibodi kwa mikono miwili.

“Na usiku?” ukauliza.
“Barabara ya Pangani, saa saba, hakuna mtu?”

Hapo nilinyamaza.
Hilo sikuwa nalo kwenye kipimo.

Nikawasha grainda ndogo.
Juu, milimita tatu. Nje, mbili na nusu.
Nikalainisha ukingo kwa msasa wa maji
mpaka ukucha ukapita bila kukwama.
Sahani ya pili vilevile, kigezo kilekile, nimekigeuza.
Nyusi sikuigusa.
Sikuifuta pia.

Imo humo, Hizza. Buluu itaungua siku ya kwanza,
mkwaruzo wa sindano utabaki.
Siku utakapoifungua tena
(utaifungua, hizi hufunguliwa)
utaikuta inakutazama,
na wewe utakuwa na safari nyingine, au hizi hizi.

Sasa inuka. Sili za ncha ni sita,
dukani wameniuzia tano wakaapa ni sita.
Wahi Barabara ya Nane kabla hawajaenda kuswali.